Kengele ya Saa Nane na Nusu

Kila mgeni aliyemwona mzee wa nyumba ya wageni ya Ngiri wa Buluu alieleza jambo lile lile: ameketi kando ya moto, amevaa koti la mvua, ananyoosha mkono kuelekea kaunta. Daima ilikuwa mchana, saa ambayo sheria ililazimu baa zote kufungwa hadi jioni. Hester Pargeter, mwenye nyumba, hakuwahi kumwona. Naye ndiye aliyekuwa bintiye.

Miaka sita iliyopita, mzee huyo, Amos Pargeter, aliomba bia moja ya mwisho. Hester akapiga kengele ya kufunga. "Sheria haina baba," alimwambia mbele ya watu. Mzee akatoka, akaanguka darajani, asiinuke tena.

Mchana mmoja wa Novemba alikuja fundi wa kurekebisha piano ya baa, Cuthbert Lyle, asiyejua lolote la kijiji kile. Alipokuwa akifunga mkoba wake aliuliza, "Mama, yule mzee mbona humhudumii? Mkono utamkatika."

"Kaja tena kudai chake!" alicheka Enoch, tarishi mstaafu, mnywaji pekee aliyesalia. "Mpe, Hester, asije akatuhamia jumla!"

"Funga domo, Enoch. Maliza uende kwako."

"Naenda, bibie. Mzimu na wewe chumba kimoja, siwawezi."

Mlango ukafungwa. Saa ikagonga nane na nusu. Hester hakuigusa kengele. Alijaza bia mpaka povu likafurika, akaitua mbele ya benchi tupu, kisha akaketi mkabala nalo. Baridi ikamshika magotini, ingawa moto uliwaka.

"Baba, nilikuona umeshika kifua. Nilijua unaumwa. Niliogopa watu wasije wakasema nakupendelea." Akamgeukia fundi. "Ananisikia?"

"Bia hajaigusa, mama. Anakutazama wewe."

Akasema yote aliyoyafungia moyoni miaka sita. Alipomaliza, baridi ilikuwa imemwachia magoti.

"Bado yupo?"

Fundi alilitazama benchi, kisha akautazama uso wa yule mama.

"Yupo."

Kwa miaka thelathini Hester alikuwa amesikia uongo wa kila namna kwenye kaunta ile, na hakuna hata mmoja alioupa nafasi. Huu pia aliutambua papo hapo.

"Ahsante, bwana," akasema, akaendelea kuzungumza na benchi.