Kipima-Muda cha Ofisi ya Hati

Shifaa alifika Chundwa saa tatu asubuhi kwa bodaboda kutoka Faza, begi la ufundi mgongoni. Ofisi ya Hati za Visiwani ilimwita kwa sababu kompyuta ilikataa kupokea programu mpya. Ndani ya ofisi ilikuwa bado saa nne na robo ya Jumatatu moja, miaka mitano nyuma.

Chai ya karani Nicodemus ilikuwa ingali inafuka. Wanawake wa mtaani walishazoea, wakahifadhi samaki wao chini ya benchi kwa kuwa humo hawakuoza. Na juu ya benchi aliketi Rumaisa, dada yake Shifaa, aliyeingia kuomba kitambulisho ili aende chuo cha ualimu. Alikuwa na miaka kumi na minane. Shifaa, mdogo wake, sasa alikuwa na ishirini na mmoja.

"Yeo nani amwamkue mwenziwe?" aliuliza Rumaisa.

"Mkubwa ni wewe," Shifaa alijibu, akambusu mkono, akaketi mbele ya mashine.

Kompyuta ilikuwa ya Linux. Alifungua dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja kuiuliza kama kipima-muda chake kinafanya kazi. Ikajibu bila kinyongo: kipo, kimezimwa.

"Nilikizima mimi," Nicodemus alisema. "Kilikuwa kinaandika kila faili imelala hapa siku ngapi. Wakubwa hawakupenda."

Shifaa aliizima mashine, akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio ya mwanzo na kukiwezesha. Chai ikapoa. Samaki changu wa Bi Hadia, mmoja wa wanawake hao, aliyekuwa chini ya benchi tangu Ramadhani, akanuka siku zake zote kwa pamoja, watu wakaziba pua huku wakicheka. Rumaisa akatimiza ishirini na mitatu, buibui likapanda juu ya vifundo vya miguu. Shifaa alifurahi mno kumpata tena dada mkubwa.

Kwenye kioo, faili ya Rumaisa ilionyesha siku elfu moja mia nane ishirini na sita. Rumaisa alisogea mezani, Nicodemus akaisoma yote.

"Imebaki cheti cha kuzaliwa cha babu yako," alimwambia Rumaisa. "Ukikipata, urudi upange foleni."

Babu alizaliwa shambani Kililana, kabla karani yeyote hajafika huko na kalamu.

Rumaisa alirudi kwenye benchi.

"Kizime, nduu yangu," alisema. "Kungoja nitangoja, lakini si kwa miaka yangu."

Moyo ulimuuma Shifaa, lakini alinyoosha mkono kwenye mashine. Nicodemus akamwomba asubiri kidogo, yeye amimine kwanza chai nyingine ya moto.