Mzee Plasta na Vijiti vya Mkwe Wake

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Plasta alikuwa akitengeneza meno ya bandia, na katika muda wote huo hakuwahi kukosea hata mara moja. Muulize mwenyewe. Meno yakibana, ufizi wa mteja ndio wenye makosa. Yakilegea, mteja kakonda bila ruhusa. Neno samahani alilijua vizuri, lakini kwake lilikuwa neno la kuambiwa, si la kusema.

Kwa hiyo wanaomfahamu hawakushangazwa na aliyoyasema, miaka minne iliyopita, mwanawe wa pekee alipomleta nyumbani mke Mkorea. Bibi harusi wa watu alitoa kidaftari chake, akamwonyesha baba mkwe jinsi jina lake linavyoandikwa kwao. Mzee Plasta alikitazama, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Hivi ni vijiti vya kiberiti vimemwagika," alisema. "Watu wazima wanaandikiana hivi? Mjukuu wangu asije akafundishwa upuuzi huu."

Akacheka peke yake. Mwanawe alimfasiria mkewe neno kwa neno, maana alilelewa asiwe mwongo, na kesho yake wakafunga virago kwenda Korea.

Mjukuu alizaliwa hukohuko kwa kina mama yake. Sasa alikuwa na miaka mitatu, na babu yake hajamtia machoni hata kwenye simu. Bibi yake ndiye aliyeongea nao kila Jumapili asubuhi, chumbani, mlango umefungwa. Naye Mzee Plasta, asiye na haja na mtu, kila Jumapili saa hiyohiyo alikuwa na meno ya kung'arisha katika karakana yake, iliyotenganishwa na chumba kile kwa ubao mwembamba. Mashine ya kung'arishia ilikuwa imezimwa, lakini tusimchunguze sana.

Kupitia ubao ule alimjua mjukuu wake. Mtoto akimwaga maziwa au akimpiga baba yake na kijiko, sauti ya mama ingesema taratibu, "Mianhe." Yaani, sema samahani. Mtoto angelitamka neno hilo kwa kununa, na mama angelirudia, "Mianhe," mpaka lisikike vizuri. Hilo ndilo neno pekee la Kikorea ambalo Mzee Plasta alilijua, kwa kuwa mkewe alishawahi kuuliza maana yake na ubao haukuficha kitu.

Jumapili moja roho ilimshinda. Alisukuma mlango, akasema, "Mnionyeshe na mimi."

Mkewe akailaza simu kifudifudi godoroni. "Baba," ilisema sauti ya mwanawe, "utamwona siku utakayomsomea ukurasa mmoja kwa vile vijiti."

Ukurasa ulifika pamoja na jedwali la herufi. "Umeandikwa nini?" aliuliza.

"Salamu za mtoto tu," alisema mkewe, akitazama dari. "Wewe soma."

Alijipa siku tatu. Fundi wa meno ashindwe na vijiti? Siku ya kumi bado vijiti vilikuwa vinamtazama tu. Alisikiliza sauti kwenye simu, akaziiga, na mkewe akamwambia anasikika kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Ndipo alipoona bora aulize kinywa chenyewe. Alitengeneza kipande chembamba cha plastiki cha kufunika kaakaa lake, akakinyunyizia poda, akakivaa, akatamka "na". Akakitoa. Poda ilikuwa imefutika mbele, nyuma ya meno, ilipogusa ncha ya ulimi. Akaitazama herufi yenyewe: ni mchoro wa ulimi uliolala, ncha imeinuka. Akatamka "ga". Poda ikafutika nyuma kabisa, na kwenye jedwali ulimi ulikuwa umejikunja nyuma. Herufi ya m ilikuwa kisanduku, mdomo uliofungwa. Alikaa chini.

"Aliyebuni hizi alikuwa fundi," alimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Kwa hiyo si upuuzi?"

"Sikusema ni upuuzi."

"Ulisema."

"Nilisema vijiti."

Tangu hapo mambo yalikwenda. Mwalimu mstaafu alipokuja kujaribu meno yake mapya, badala ya kuambiwa ahesabu sitini mpaka sabini ili matamshi yapimwe, aliamriwa aseme ga, na, da. Alisema, maskini, kwani mtu mwenye kidole cha fundi kinywani ana hiari gani? Akalalamika kuwa upande wa kushoto unambana. Akajibiwa kwamba ufizi wake una kiburi.

Mzee Plasta alifanyia ukurasa mazoezi kama anavyopanga meno: silabi moja moja, mpaka kila moja ikae sawasawa. Kuunganisha ni kazi ya siku ya mwisho. Maana hakujua, na hakuona kasoro. Meno nayo huyatengeneza bila kuuliza yatakula nini.

Jumapili ikafika. Kwenye kioo cha simu alitokea mtoto mwenye mafundo mawili ya nywele na pua ya Mzee Plasta mwenyewe, haki ya Mungu ileile. Nyuma yake ulionekana mkono tu wa mama, umemshika bega. Babu akaanza kusoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, safi kabisa. Mtoto alisikiliza mdomo wazi.

Mstari wa nne ulianza na kisanduku. Midomo ikafungana, ikafunguka: mi. Ulimi ukapanda nyuma ya meno: an. Na hapo, kabla ya silabi ya tatu, alijua kilichokuwa kinakuja. Alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dari.

Kusingizia mtandao ni rahisi. Wazee wote tunajua. Kidole kilishasogelea kitufe cha kukata simu. Kisha mtoto akakuna pua ile.

"He," alisema Mzee Plasta, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Mtoto alikunja uso. Kwao neno hilo halipokelewi likiwa limenuniwa. "Mianhe," aliamuru.

Mzee Plasta aliweka karatasi chini. "Igeuzeni simu kwa mama yake," alisema. Picha ikayumba, ikamwonyesha mkwe wake, macho mekundu. Alimtazama usoni, akafunga midomo sawasawa, akaifungua sawasawa. "Mianhe. Nilikutukana, mwanangu."

"Nimesikia, Baba," alijibu yule mwanamke kwa Kiswahili, taratibu, kila silabi imekaa mahali pake. Ni dhahiri kuwa naye alikuwa amefanya mazoezi, tena si ya siku chache.

Jumatatu mwalimu mstaafu alirudi na upande wake wa kushoto, amejiandaa kugombezwa.

"Lete nione," alisema Mzee Plasta, akaugeuza ule ufizi wa plastiki kwenye mwanga. "Ni kweli. Nilikosea mimi. Samahani."

"Fundi," mwalimu aliuliza, "unaumwa?"