Pampu Ilipokufa

Barua ya wafadhili ilikuwa na kurasa mbili, lakini Mwenyekiti Godlove alinaswa na maneno matatu tu. Mwalimu Ezra ndiye aliyekuwa akiisoma mbele ya watu. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha Kiingereza na kuchapa viganja vya watoto wa watu, na bado alisoma barua kama anayesahihisha mtihani. Alipofika mahali wageni walipoandika kwamba wako *over the moon* kuja kuiona pampu yao, Godlove akainua mkono.

"Hapo, Mwalimu. Hapo wanasemaje?"

"Wanasema wamefurahi sana. Wamefurahi mpaka wameuvuka mwezi kwa juu."

"Mwe bandu, jamani!" akasema Neema, mkwe wa watu asiyejua kukaa kimya. "Mtu akifurahi si abaki hapahapa ale wali? Mwezini anafuata nini?"

Watu wakacheka. Godlove hakucheka, alikuwa ameshapata wazo, na Godlove akipata wazo ni kazi ya watu wengine. Akaagiza Mwalimu awafundishe akina mama wa kikundi cha mpunga msemo huo kwa wiki mbili. Kila mmoja awe na sentensi yake. Mgeni akishuka tu kwenye gari, akutane na mwezi.

Keziya alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu yake ina matope hadi kwenye magoti. Akawaza kwamba watu hawa watajifunza mwezi wiki mbili nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya maji.

Pampu yenyewe ilichimbwa uani kwa Godlove. Kwa usalama, alisema. Ikajengewa ukuta, ukuta ukapata mlango, mlango ukapata kufuli, na ufunguo ukapata shingo ya mke wake, Elizabeth. Asubuhi ilifunguliwa ng'ombe wa Mwenyekiti wakishakunywa. Jioni ilifunguliwa nguo za Mwenyekiti zikishafuliwa. Waliokaa karibu, kando ya barabara, waliweza kuvizia saa hizo. Lakini kina Keziya, nyumba kumi na tatu zilizoko ng'ambo ya mashamba ya mpunga, walipomaliza kuvuka matope walikuta kufuli limewatangulia. Wakarudi kuchota mtoni, kwa mamba, ambao hakuna aliyewasomea habari za mradi.

Siku ya kwanza ya darasa, kwenye banda la kuanikia kakao, Mwalimu Ezra alimwita Keziya pembeni.

"Mama Lusungu, Mwenyekiti alinikatisha kabla sijafika ukurasa wa pili. Wageni wanakuja na fomu. Wakiona watu wote wameridhika, mradi unafungwa. Wakiona bado, kuna mabomba yamebaki ya kuchimba pampu nyingine."

"Kwa nini hukusema mbele ya watu?"

Mwalimu akaangalia kakao. "Pensheni yangu inapitia mikono ya watu wengi, na mihuri ya barua zangu inakaa kwa Mwenyekiti," akasema. Keziya hakumlaumu. Alimdharau kidogo, kisha akaenda kukaa.

Lakini Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo hata woga wake haukuigusa. Hakuwahi kumpa alama mwanafunzi aliyetunga sentensi ya uongo. "Huu ni msemo wa furaha kubwa," akasema. "Sitaki kusikia umeuvuka mwezi kwa sababu umenunua sabuni. Kila mtu aseme siku aliyofurahi kweli."

Hapo ndipo darasa lilipoharibika. Neema akasema yeye aliuvuka mwezi siku mama mkwe wake alipong'olewa meno mawili akakaa wiki nzima bila kuongea. Tukuswiga, mzee wa kanisa, mama wa heshima zake, akasema aliuvuka siku mwanakwaya aliyempokonya nafasi ya kuimba peke yake alipokwama katikati ya ubeti. Wakacheka mpaka mmoja akadondoka kwenye mkeka wa kakao. Mwalimu aliwasahihisha wote kwa uso mkavu, akawapa alama.

Elizabeth peke yake alisema sentensi aliyopewa nyumbani, kwamba aliuvuka mwezi pampu ilipokuja. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kifuani pake. Mwalimu akamtazama kwa muda, asimpe alama wala asimnyime.

Keziya ilimuuma kumwona hivyo. Alikuwa amecheza na Elizabeth tangu wote wawili hawana meno ya mbele, wakabarikiwa siku moja kanisani, wakazaa watoto wao wa kwanza mwezi mmoja. Pampu ndiyo iliyowatenganisha, kwa sababu mmoja alibaki na ufunguo na mwingine na ndoo. Siku hizi walisalimiana "Ugonile," "Ndaga," kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati.

Isipokuwa wiki tatu zile za mwezi wa pili. Pampu ilikufa ghafla. Fundi aliyetoka Ipinda alisema kuna nati imetoka na haionekani, na Godlove akatangaza mbele ya watu kwamba imeibwa na watu wa mtoni, wenye wivu. Kwa wiki tatu Elizabeth alishuka mtoni na ndoo yake kila asubuhi. Mwanzoni alitembea kama mgeni, ameshika kitenge kisiguse matope. Siku ya tatu alianguka, akazama hadi kiunoni, na badala ya kulia akaanza kucheka. Wakacheka pamoja siku zote zilizobaki. Walimsema kila mtu, waume zao kwanza. Kisha nati ikaletwa kutoka Mbeya, pampu ikapona, Elizabeth akarudi kwenye ufunguo.

Godlove akamchagua Keziya aseme sentensi ya mwisho mbele ya wageni, kwa sababu ametoka mtoni. Hiyo ingefunga kazi.

"Utasema ulifurahi pampu ilipokuja," akamwambia. "Na usiniletee maneno mengine. Mgeni hapewi malalamiko, anapewa wali."

Lililomtesa Keziya ni kwamba aliamini hivyo pia. Alilelewa hivyo. Mchele mpya alishautwanga, kuku alishamfunga miguu. Kumlalamikia mtu aliyesafiri nchi nzima kuja kukusalimia ni aibu, na aibu hiyo ingemfuata hadi kwenye mazishi yake. Lakini asiposema, fomu ingefungwa, na Lusungu, binti yake wa miaka kumi na mmoja, angeendelea kuinama pale kwa mamba kila asubuhi. Usingizi ulimkataa siku mbili.

Siku moja kabla ya wageni alimwendea Mwalimu.

"Pampu kufa, kwa Kiingereza wanasemaje?"

Mwalimu akavua miwani. "Nani kafurahi?"

"Mimi."

"Sana?"

"Mpaka mwezini na kurudi, Mwalimu. Ni kweli tupu."

Mwalimu akavaa tena miwani. Kisha akararua kipande cha karatasi, akamwandikia, akamfanya arudie mara kumi, na alipokosea akamgonga kiganja kwa kalamu.

Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mrefu mwenye fomu kwenye ubao. Akina mama wakapanga mstari. Mwezi ukavukwa hadi ukachoka. Mama mgeni akatabasamu, akaweka alama kwenye fomu yake, akageuza ukurasa. Ikafika zamu ya Keziya.

"*I was over the moon,*" akasema kwa sauti kubwa, "*when the pump broke.*"

Godlove akapiga makofi. Alikuwa amesikia mwezi, amesikia pampu, na hayo yalimtosha. Akapiga kwa nguvu, na kwa kuwa Mwenyekiti anapiga, kijiji kizima kikapiga, vigelegele vikafuata. Wageni watatu peke yao hawakupiga. Mama mgeni akamuuliza Mwalimu jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama umekosea," Mwalimu akamwambia Keziya. Kisha akajibu mwenyewe, kwa lugha zote mbili ili kila mtu asikie. "Sentensi ni sahihi. Amesema alifurahi kupita kiasi pampu ilipokufa."

Makofi yakakatika.

"Ilipokufa," akasema Keziya kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa kimeisha, "watu wote tulichota mtoni pamoja. Ilipopona, tukabaki sisi wa mtoni peke yetu. Mnisamehe, wageni wangu. Kuku yupo."

Mwalimu alipokwisha kuyatafsiri, mama mgeni akauliza huo mto uko wapi, wangependa kuuona. Godlove akaruka mbele.

"Hapana, mama! Ni mbali sana! Matope mpaka hapa! Na kuna mamba, mwaka jana walimla mbwa!"

Mwalimu akatafsiri yote, neno kwa neno, bila kuruka hata yule mbwa. Ni Godlove aliyeelewa wa mwisho alichokwisha kusema. Mama mgeni alikuwa ameshafuta alama yake na anaandika, na aliandika mistari mingi. Kisha akakunja suruali.

Wakaanza kushuka kuelekea mashambani, Keziya mbele na ndoo yake. Alijua pampu nyingine ingekuja, aliona mkono wa yule mama ulivyoandika, lakini pia alijua amemuumbua mume wa rafiki yake mbele ya watu, na rafiki huyo hatakuwa naye tena hata kwa salamu. Akalia kidogo, akajifuta kwa kiwiko.

"Gwe Keziya! Ngoja!"

Elizabeth alikuwa anakuja mbio na ndoo tupu kichwani. Kifuani hakukuwa na ufunguo. Nyuma yake, mbali, Godlove alisimama ameushika mkononi, hajui aupeleke wapi.

"Umesema mbele ya watu kwamba pampu yangu ilipokufa ulifurahi," akasema Elizabeth, anahema.

"Nilifurahi. Nisamehe."

Elizabeth akatua ndoo. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, fundo lililokazwa miezi mingi hadi likawa gumu, akalifungua kwa meno. Akamwekea Keziya kiganjani nati moja ya chuma, yenye kutu kidogo.

"Shika wewe," akasema. "Wakiichimba hiyo nyingine ikatutenganisha tena, tutajua la kufanya."