Kanuni ya Kumfuata Mwenzako

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, meza ya kukatia nguo iliondolewa mikasi na chaki, ikageuka kuwa nchi ya mapango, majitu na ngome zilizolaaniwa. Mwenye meza alikuwa fundi cherehani, na mwenye nchi alikuwa huyo huyo. Yeye alisimulia, wenzake wakacheza: mumewe akiwa jitu la vita lenye shoka, shemeji yake, mdogo wa mumewe, akiwa mwizi mwepesi wa miguu, na nesi wa nyumba ya jirani akiwa mchawi. Nesi alisema hiyo ndiyo nafasi inayomfaa, maana wagonjwa walishamwita hivyo zamani. Wapo watu wazima wanaoona haya kucheza. Hawa hawakuona, na aliyetaka kuwacheka aliwacheka akiwa huko nje.

Kilichompa fundi sifa ni mitihani yake. Wasimulizi wengine hukwambia urushe dadu mara moja tu. Umevuka mto au umezama, basi, mambo yameisha. Yeye mto aliurefusha. Kila mchezaji alitakiwa aseme kwanza anafanya nini na kwa ustadi gani, kama ni kupanda, kubembeleza, kusikiliza au kutibu, ndipo arushe. Akifaulu, fundi aliweka kifungo cheupe katikati ya meza. Akifeli, aliweka cheusi. Vyeupe sita vikitangulia, wamepita. Vyeusi vitatu vikitangulia, wamekwisha.

Na ilikuwapo kanuni moja aliyoitunga mwenyewe. Mwenzako akianguka hatarini nawe ukamfuata papo hapo, bila kuuliza wala kupima, unarusha dadu mbili na kuchagua iliyo nzuri. Hakuitunga bure. Mumewe na mdogo wake walikuwa paka na panya tangu utotoni, na mezani walikuwa wakiachana mashimoni huku wanachekana. Kanuni ikawafundisha kufuatana. Kufuatana kukawa tabia, tabia ikatoka nje ya mlango, na mwaka huu yule mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiroboto kwa kutotulia kwake, aliacha kazi ya ghalani akaenda kuosha matangi ya viwanda pamoja na kaka yake. Mama mkwe alilia kwa furaha. Fundi naye alivimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu?

Jumapili hii alikuwa amewaandalia shimo.

"Chini ya ngome kuna kisima kikavu," alisimulia. "Mdomo wake mwembamba, anapita mtu mmoja tu. Mmeshusha taa kwa kamba. Taa imezimika kabla haijafika chini."

Kisima hicho hakukiokota hewani. Mumewe alikuwa amemweleza kuhusu tangi la molasi, ile shira nyeusi ya kiwanda cha sukari, watakaloliosha kesho: limefungwa tangu kiwanda kisimame, masalia yamechacha chini, na feni ya kupulizia hewa imeharibika. "Tutaacha mfuniko wazi asubuhi, litapumua lenyewe," alisema, akaendelea kula. Fundi akayachukua maneno hayo kama anavyochukua kipande cha kitambaa kizuri, akayashonea mtihani wake, wala hakujiuliza zaidi.

"Jitu linashuka," alisema mumewe. "Ustadi wa kupanda."

Alirusha, akafeli. Kifungo cheusi.

"Linaendelea hivyo hivyo. Ustadi wa kustahimili."

Akafeli tena. Fundi akaweka cheusi cha pili. "Magoti yamelegea," alisema. "Jitu limeanguka chini. Mnaliita, halijibu."

"Namfuata," alisema Kiroboto, na dadu mbili alikuwa ameshazishika.

"Ndivyo walivyotuletea wale watatu," alisema nesi, kama mtu anayejisemea.

"Watatu gani?" aliuliza fundi.

"Wa shimo la maji machafu, mwezi uliopita. Wa kwanza alizidiwa na hewa mbaya. Wa pili akamfuata. Wa tatu, shoga yangu, alikuwa na kamba mkononi. Hata kuifunga hakuifunga. Tuliwapokea wote wameshakufa."

Fundi aliutazama mkono wa shemeji yake. Ulikuwa umefumbata dadu, unangoja ruhusa tu, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa furaha ya mtu anayejua atasifiwa. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Alikuwa amekaa kwenye meza hii akimzoesha ndugu wa mumewe kujitupa shimoni, na kila alipojitupa alimpa zawadi.

"Weka chini hizo dadu," alisema. "Ukimfuata ni kifungo cheusi cha tatu. Mmekufa wote wawili."

"Mke wangu," alisema mumewe, "kanuni haibadilishwi mchezo ukiwa katikati."

"Yangu nimeibadilisha. Tunaanza upya. Jitu liko chini, halijibu. Shemeji, unafanya nini?"

"Namfuata."

"Mmekufa. Tunaanza upya."

Akawarudisha kwenye mdomo wa kisima mara nyingi hata nesi akaacha kucheza, akawa anatazama tu. Mwishowe Kiroboto alitupa mikono. "Haya. Nimekaa juu. Nimeita watu waje na vifaa. Umeridhika?" Fundi akamwekea kifungo cheupe. Lakini jibu lile lilikuwa la mtoto aliyelazimishwa kuomba radhi, na yeye aliyejua kusikiliza watu mezani alilisikia hivyo.

Wageni walipoondoka, alimwambia mumewe wazi wazi: asiingie tangi lile mpaka feni itengenezwe. Mumewe alicheka. Kiwanda hakingoji, alisema, na yeye alikuwa ameingia matangi kabla ya huyo nesi kujua kushika sindano. Walibishana mpaka chai ikapoa. Fundi aliambulia ahadi moja tu: atashuka akiwa amefungwa kamba kiunoni, na mdogo wake ataishika kamba hiyo juu.

Asubuhi fundi alifunga chumba cha cherehani, akaenda kiwandani. Mlinzi alimjua, akampitisha. Alipanda ngazi ya chuma ubavuni mwa tangi, akamkuta Kiroboto juu, amepiga magoti ukingoni mwa tundu, anavuta kamba. Ilikuja kirahisi mno. Ilipoisha, mwisho wake haukuwa na kitu.

"Ilikuwa inanasa kwenye mapanga ya mashine ya kukorogea humo ndani," alisema Kiroboto, akiwa na midomo mikavu. "Kaifungua. Kaifungua mwenyewe, shemeji." Kisha akainamia tundu. "Kaka!"

Fundi alimulika kwa tochi. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi juu ya tope jeusi, mkono mmoja umeinuka ukutani. Fundi alimpigia kelele mlinzi awaite zimamoto, awaambie mtu yuko ndani ya tangi, waje na mitungi ya hewa. Mlinzi akakimbia. Alipogeuka, Kiroboto alikuwa ameshaingiza mguu.

Alimdaka mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Niache, shemeji."

"Hushuki."

"Anapumua! Tazama mgongo wake, unapanda!"

Fundi alitazama. Aliuona unapanda, au alitaka sana kuuona. Mungu anajua alivyotamani kumwachia. Dakika chache tu za ushujaa wa huyu mwepesi wa miguu, na baba wa watoto wake angetoka kwenye lile tundu akikohoa na kulalamika. Yote aliyowahi kuyasimulia yaliishia hivyo.

"Ni mume wako!" alisema Kiroboto, na sasa alikuwa analia. "Unamwacha afe?"

"Najua ni nani."

Akakanyaga ukingo wa tundu kwa miguu yote miwili, akajivuta nyuma kwa uzito wake wote. Kiroboto alimpiga vidole, akamtukana, akamwita muuaji, akambembeleza kwa jina la mama yao. Barabarani hakujasikika king'ora. Tochi ilikuwa imeanguka ukingoni, mwanga wake bado umeelekea chini, na katika mwanga ule fundi aliuona mgongo wa mumewe unatulia.

Kiroboto hakuuona, maana alikuwa akipigana naye. Fundi hakumwambia. Alikaza mikono.