Mkono wa Kushoto wa Hyosuke

Baba yangu, Tsukamoto Yasuji, alifanya kazi ya kufa kwa miaka thelathini na minne. Katika filamu za mapanga zilizotengenezwa katika studio za pale Uzumasa, kila shujaa alihitaji watu wa kukata, na baba alikuwa miongoni mwa wakatwaji. Alikufa madarajani, alikufa matopeni, alikufa akibingiria ngazi za hekalu. Jina lake lilipita kwenye skrini upesi sana, na mimi na mama tulikuwa tukishindana nani ataliona kwanza.

Alistaafu akiwa na miaka sitini na mitatu. Mwaka uliofuata walikuja vijana kutoka Tokyo waliokuwa wakitengeneza katuni ya samurai. Walitaka atembee, apigane na aanguke mbele ya kamera siku mbili nzima, wachoraji wao wapate kuchora wakifuata mwili wa mtu halisi. Baba alikubali kwa furaha. Lakini katuni yenyewe, iliyoitwa *Ala Tupu*, ilipoanza kuonyeshwa na akasikia midundo ya kufoka na santuri zinazokwaruzwa juu ya mapanga, alinyanyuka akazima runinga.

"Samurai wanatikisa vichwa kama kuku!" alisema. "Nimeutoa mwili wangu kwa wahuni."

Hakuitazama tena. Mimi nilinaswa nayo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana, nilikutana na wapenzi wenzangu wa katuni ile kwa Shigeta, mwenye mgahawa wa okonomiyaki, chapati nene za unga na kabichi, karibu na kituo cha tramu. Tulitazama sehemu moja, tukala, tukabishana. Sikuwahi kuwaambia kwamba yule samurai mzee, Hyosuke, alichorwa kwa kumfuata baba yangu. Nilijua wangenisumbua nimlete, na nilijua angekuja kuwatukana.

Jumapili ya kwanza ya Aprili mama alikuwa amekwenda Otsu kwa dada yake. Baba akiachwa peke yake hula wali na kachumbari tu. Nikamwambia, "Baba, twende tukale kwa Shigeta."

"Kuna nini kwa Shigeta?"

"Chakula, baba. Mgahawani kuna nini kingine?"

Tulipoingia, runinga ilikuwa tayari juu ya friji na sehemu ya tisa ilikuwa imekwisha. Baba alinitupia jicho la 'tutaonana nyumbani', kisha akaketi kwenye kona ya bamba la chuma la kupikia, maana njaa haina ugomvi na katuni. Shigeta akammiminia unga na kabichi, akamkaribisha kama mteja yeyote.

"Mnasema mnachotaka," Shigeta aliendelea kuwaambia wengine huku akigeuza chapati zake, "lakini hakuna mwenye mikogo kama Hyosuke. Wale samurai vijana wawili wana nywele na miwani tu. Mzee ana mwendo."

"Na ule mkono!" alidakia Mukai, mgawa barua wa mtaa wetu, ambaye alipenda muziki wa katuni ile kuliko hadithi yake. Akainuka akatembea baina ya meza, mkono wa kulia ukipepea, wa kushoto umening'inia kama soksi iliyoanikwa, mguu ukiburura kidogo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. "Nimejizoeza wiki nzima nikigawa barua. Mbwa wote wa mtaani wananiogopa sasa."

"Amebeba majivu ya mkewe ndani ya mkono wa kimono," alisema Shigeta. "Ndiyo maana hautikisi. Anaogopa yasimwagike."

"Wee!" Mukai alimkatiza. "Ana kisu humo. Subiri sehemu ya kumi na mbili."

Nilimtazama baba nikitarajia atacheka, au atatukana. Alikuwa akitazama chakula chake bila kukigusa.

Ndipo Orie akasema. Orie alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wagonjwa kutembea upya baada ya kuvunjika au kupooza. "Jamani, samahani kama nawaharibia utamu," alisema. "Nyinyi mnaona mikogo. Mimi naona ugonjwa."

"Dada Orie!" Mukai alilalamika. "Hata katuni unataka kuikanda mgongo?"

"Nasema kweli. Wachoraji hawakubuni ule mwendo. Wamemfuata mtu aliye hai. Mtazame anapogeuka, anatumia hatua tano kwa jambo la hatua mbili. Bega limekaza. Mtu huyo angepita mlangoni kwangu, nisingemwacha aondoke bila barua ya kwenda kwa daktari."

Baba aliweka vijiti chini.

"Ugonjwa gani?" aliuliza.

Orie akamgeukia mgeni asiyemfahamu, akamjibu kwa adabu. "Kwa macho tu siwezi kusema, mzee. Unaweza kuwa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili. Unaweza kuwa ni shingo. Yapo mengi."

"Kaka yangu alikufa kwa Parkinson," baba alisema. "Miaka tisa kitandani, mwisho hakuweza kumeza mate." "Mtu huyo mnayemsema ni mimi."

Chapati ya Shigeta iliungua upande mmoja na hakuigeuza. Mukai alikuwa amewiva uso hadi masikioni. Alikuja akapiga magoti mbele ya baba, akainamisha kichwa hadi sakafuni. "Mzee, nisamehe. Sikujua."

"Inuka, mwanangu. Umeniiga vizuri," baba alimwambia. "Ila mguu ulizidisha."

Ndipo nikakumbuka. Mwaka mzima baba alikuwa ameacha kuinua bakuli la wali mkononi kama ilivyo desturi yetu. Aliliacha mezani akaliinamia, na mama alikuwa akimsuta kila jioni kwamba anakula kama mbwa. Kumbe mkono ulikuwa hauwezi, naye aliona afadhali asutwe kuliko kusema.

Orie alihamia kiti cha pembeni yake. Alimwomba kiganja, akakikunja na kukikunjua taratibu, akamwambia ageuze shingo huku na huku.

"Tangu lini, mzee?"

"Mwaka juzi."

"Umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

Alimwandikia jina la daktari wa mishipa ya fahamu nyuma ya karatasi ya vyakula, akamtaka aahidi mbele yetu sote kwamba Jumatatu atapiga simu. Baba aliikunja karatasi, akaitia kifuani. Halafu, badala ya kuomba twende, akasema, "Basi nionyesheni huyo mgonjwa wenu."

Shigeta akarudisha sehemu ya tisa. Ilikuwa mara ya kwanza baba kumwona Hyosuke akitembea, akishuka peke yake kwenye njia ya katikati ya mashamba ya mpunga, ngoma nzito ikisindikiza hatua zake. Alitazama bila kupepesa. Mguu uliburura, na papo hapo mdundo ukachelewa nusu pigo, ukamngoja.

"Ameuona," baba alisema polepole. "Huyu mpiga muziki ameuona mguu wangu. Waongozaji wangu wote wa filamu hawakuuona, huyu kauona." Baadaye akaongeza, "Lakini hao wanaofoka wangenyamaza kidogo ingekuwa bora." Mukai alitaka kubisha, nikamkanyaga mguu.

Mama aliporudi alipewa habari yote jikoni. Alisimama na mwiko mkononi. "Bakuli!" alisema. "Mwaka mzima nakufokea kwa bakuli, Baba Nagisa, na wewe kimya! Mimi ni mkeo au ni mpangaji?" Akalia, akafoka tena, na jioni ile akamshikia bakuli mwenyewe. Baba akamwacha amshikie.

Baba alipiga simu, tukangoja majibu siku kumi na moja. Hospitalini walimpima kutembea, wakamwambia agonge vidole, wakamwingiza kwenye mashine ile kama pipa. Siku ya majibu tuliingia wote watatu. Daktari alikuwa kijana mwenye koo kavu, akikohoa kila mara, na kila alipokohoa roho yangu iliruka.

"Si Parkinson," alisema.

Mama aliomba arudie. Akarudia. Pingili mbili za shingo zilikuwa zimesagika na kuhama, zikibana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi na mguuni. Mkono ulidhoofika kwa hilo, na mguu ukaburura kwa hilo. Upasuaji ungeweza kusaidia, ila asicheleweshe.

"Shingo hii imepigwa sana," daktari alisema akionyesha picha. "Umewahi kuanguka vibaya? Mara ngapi?"

"Sikuhesabu, daktari," baba alimjibu. "Nilikuwa nikifa."

Daktari akatutazama mmoja mmoja. Mama alianza kucheka, kicheko kibaya chenye kikohozi na machozi, mimi nikafuata, na baba akabaki ameketi wima, akifungua na kufunga kiganja cha kushoto juu ya goti kana kwamba amepewa upya. Huko nje kwenye korido mama aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akasema tumwache hapo kidogo.

Nilimpigia Orie kutoka simu ya ukutani. Nilisikia anapenga kamasi. Kisha akasema hata hivyo, shingo si mchezo, asibebe hata mfuko wa vitunguu. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wagonjwa wake wakihesabu hatua.

Tulirudi kwa tramu. Tulipofika nyumbani, saa kumi alasiri, baba alijilaza kwenye mkeka wa sebuleni bila hata kuvua soksi, akalala fofofo, mdomo wazi. Mama alimfunika blanketi jepesi, akapunguza moto wa birika lisije likapiga mluzi, na mimi nikafunga mlango wa kuteleza kwa mikono miwili.