Sindano ya Januari

Tangu Februari Esteri alimchemshia mke wa mwanawe, Immakulata, majani machungu, akamwamuru ajioshe kwa ndani kwa maji yake na sabuni ya kufulia, asubuhi na jioni. Immakulata alitii mpaka ikawa hata kuketi ni kazi. Uchafu uliokuwa ukimtoka haukukoma. Ulizidi, wa rangi ya usaha, ukanuka, na tumbo la chini likawa linamkata. Kisimani wanawake wa Murungu walimpisha kama mwenye ukoma.

Mumewe, Stanislaus, alikuwa amerudi wakati wa Krismasi kutoka Tanga alikokuwa akikata mkonge, redio begani. Mpaka Julai mimba hakuna. Basi likakatwa shauri: Jumapili baba mdogo wake, mzee Kipriani, aje, na Immakulata arudishwe kwao Kasulu, maana mwanamke anayenuka hazai. Watu wazima na akili zao ndivyo walivyosema!

Ijumaa Immakulata aliwatoroka, akaenda zahanati. Nesi Tunu, mwenyeji wa Ujiji asiyezungusha maneno, alimpima, akasonya.

"Nani kakufundisha kuosha ndani? Uke hujisafisha wenyewe, mwanangu. Ute mweupe au mwepesi, usionuka wala kuwasha, kila mwanamke anao, na hubadilika kadiri ya siku za mwezi. Huu wako ni ugonjwa. Mumeo alisafiri?"

"Alikuwa kwenye mkonge miaka miwili."

"Basi ni kisonono. Ukikiacha kinapanda kwenye mirija ya uzazi, kinaiziba. Mlete Jumatatu, mchomwe sindano wote wawili, la sivyo mtarudishiana tu."

Jumapili walipoketi, Immakulata hakungoja kuulizwa. Aliyasema yote mbele ya mzee Kipriani, na jina la ugonjwa akalitaja. Esteri akajiziba uso kwa khanga. "Mawe, mama yangu! Mwanamke huyu hana haya!"

Stanislaus akacheka. "Aende peke yake. Mimi nilishachomwa sindano Kasulu, Januari. Nimepona."

Alikuwa amekwisha kusema ndipo akatambua alichokitoboa. Mzee Kipriani akatazama chini.

Hasira zilimpanda Immakulata. Miezi sita! Miezi sita mwanamume huyu amelala ubavuni mwake akiujua ugonjwa kwa jina, na kila asubuhi anamtazama akienda kuunguzwa na sabuni, kisha anakaa anakula ugali wake. Na aibu ikawa ya nani? Ya mke.

"Tuyaache hayo," mzee Kipriani alisema akikohoa. "Mwanamke akae kwake, yaishe."

"Yaishe?" Immakulata alisimama. "Mimi mlitaka kunirudisha kwa ugonjwa huu. Aliyeuleta mtamrudisha wapi, baba?"

Akamgeukia mumewe. "Kesho tunakwenda zahanati wote, la sivyo nitayasema haya kanisani, padri akiwapo."

Jumatatu Stanislaus alitangulia njiani, kichwa chini, akaachwa barazani pa zahanati asubiri. Ndani, Immakulata alichomwa sindano yake bila kukunja uso. Kisha akauliza lile lililomnyima usingizi.

"Nesi, nitazaa?"

Tunu aliifuta sindano taratibu. "Ungekuja Januari ningekwambia ndiyo. Sasa sijui, mwanangu."

Immakulata akafunga khanga yake, akatoka hadi barazani. Stanislaus akainuka.

"Ingia," mkewe alimwambia. "Kamwulize nesi kama nitazaa, akujibu wewe."