Sakitu ya Midrand

Kila jioni, kuanzia Mei hadi Agosti, mimi Moraa huwatumia Waswahili wa Johannesburg ujumbe wa sauti kuhusu hali ya hewa katika kundi letu la WhatsApp. Hakuna aliyenituma. Nasoma utabiri mtandaoni, natoka uani hapa Bellevue, nanusa hewa, kisha nasema ninavyojua mimi. Mama alifundisha Kiswahili Nyahururu, ambako baridi haina mzaha, na alinikataza kuita kila kitu baridi. Majira yote haya ni kipupwe. Ukungu mzito wa asubuhi ni kungugu. Ile baridi inayopanda kutoka ardhini ikaacha nyasi nyeupe ni sakitu.

Cyrus, msimamizi wa kundi, ni mtu wa benki na hapendi maneno mengi. "Moraa, hatuko darasani," aliandika mwezi Juni. "Sema baridi, weka digrii, basi."

Watu kumi na wawili wakabandika emoji za kucheka. Mimi si mtu wa kununa, lakini siku hiyo nilinuna. Jioni iliyofuata anga lilikuwa safi, upepo umetulia kabisa, nami nilijua kinachokuja. Nikasema, "Kesho baridi, digrii mbili," nikaweka simu chini.

Kesho yake mchana ikaja sauti ya Thierry, Mkongo wa Bukavu, bawabu wa geti moja Midrand, anayeingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Sikuwahi kumsikia kundini hata siku moja.

"Dada Moraa, jana ulisema baridi tu. Baridi gani? Ukisemaka kungugu, navalaka nailoni juu ya koti. Ukisemaka sakitu, natiaka magazeti ndani ya viatu, nasimama juu ya karatoni. Leo nilivala makoti mbili, miguu nikaiacha hivi hivi. Sasa niko kwa kliniki, vidole mbili sivisikii. Madigrii niko nayaona kwa telefone. Weye nakusikilizaka juu ya miguu."

Niliona aibu, tena si ndogo. Jina la baridi ile nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza kwa sababu ya watu kumi na wawili wanaocheka. Nikampigia Thierry kumwomba radhi. Akasema nesi amemhakikishia vidole vitapona.

"Lakini kesho narudi kwa geti, dada. Kesho ni nini?"

Nikatoka uani, nikaweka kiganja kwenye udongo. Kisha nikarekodi bila kumwomba mtu ruhusa: "Kesho ni sakitu. Kavu, haina upepo, na haitaondoka kabla ya saa tatu. Tieni magazeti viatuni."

Cyrus akaandika, "Kurasa ngapi?"

Kabla sijajibu, Thierry alishamjibu. "Kurasa ine kwa kila kiatu, kaka. Na usizitoe mpaka jua ipande."